Hans Scholl (1918–1943): Malezi ya Kambini na Ushuhuda wa Munich

Hans Fritz Scholl alizaliwa tarehe 22 Septemba 1918 huko Ingersheim, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Crailsheim, katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imebakiza majuma machache kumalizika. Baba yake, Robert Scholl, hakukubali kubeba silaha katika vita hivyo, akapangiwa kuhudumia majeruhi. Katika hospitali ya kijeshi alikutana na Magdalena Müller, diakonisa wa Kilutheri aliyekuwa akiuguza wagonjwa, nao wakaoana. Hans alikuwa mtoto wa pili. Dada yake mkubwa ni Inge, na waliomfuata ni Elisabeth, Sophie na Werner.

Mama aliwafundisha watoto wake kuomba, kuimba tenzi na kusoma Biblia. Baba hakuwa mtu wa ibada sana, lakini alikuwa mtu wa haki, asiyependa kuambiwa la kufikiri. Alikuwa meya wa Forchtenberg, mji mdogo ulio kando ya mto Kocher, mpaka mwaka 1930. Watoto walikulia huko, mtoni na milimani, wakiogelea na kupanda vilima wakati wa kiangazi na kuteleza juu ya theluji wakati wa baridi. Baada ya kukaa Ludwigsburg kwa muda, familia ilihamia Ulm mwaka 1932, mji wenye kanisa ambalo mnara wake una urefu wa mita 161. Robert alifungua ofisi ya ushauri wa kodi na fedha. Hans alikuwa na umri wa miaka 13.

Mwaka uliofuata Adolf Hitler alishika madaraka.

Vijana wa Ujerumani na makambi yao

Ili kuelewa yaliyompata kijana huyu, yafaa kwanza kujua jinsi vijana wa Ujerumani walivyokuwa wakilelewa nje ya nyumba na shule. Mwaka 1901, huko Steglitz karibu na Berlin, wanafunzi waliochoshwa na ukali wa shule na moshi wa viwanda walianzisha chama cha kutembea porini kwa miguu, wakiwa na shanta mgongoni na gitaa begani. Mwaka 1909 daktari wa jeshi Alexander Lion, mtu mwenye asili ya Kiyahudi, alikitoa kitabu cha Baden-Powell kwa lugha ya Kijerumani, na miaka miwili baadaye chama cha skauti cha Ujerumani kiliundwa. Baada ya vita mikondo hiyo miwili ilichanganyika. Vikatokea vyama vingi vya vijana vyenye skafu, bendera, mahema, moto wa kambi na nyimbo. Makanisa nayo yalikuwa na vyama vyake, na vijana wa Kiinjili walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Watu wa Hitler waliyaona hayo yote na kuyachukua. Walichukua hema, moto, ngoma, bendera na sare, wakaweka ndani yake utii kwa mtu mmoja. Vyama huru vilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1933. Mwezi Desemba mwaka huo Ludwig Müller, aliyeitwa Askofu wa Taifa, alitia sahihi mkataba na Baldur von Schirach, kiongozi wa Vijana wa Hitler, wa kuvikabidhi vyama vya vijana wa Kiinjili. Kanisa liliachiwa mafundisho ya Biblia na maombi. Matembezi, michezo na kambi vikawa mali ya chama. Wachungaji wengi walihuzunika, na wengine walipinga, lakini mkataba ulitekelezwa. Ukurasa huo hausomeki kwa furaha katika historia yoyote ya Kilutheri, wala haufai kurukwa.

Hans hakulazimishwa kuingia. Aliingia kwa hiari mwaka 1933, na kwa moyo wote, wakati ambapo uanachama ulikuwa bado haujawa sharti la sheria. Baba yake alimwonya. Alimfananisha Hitler na yule mpiga filimbi wa Hamelin katika hadithi ya kale, aliyewavuta watoto wa mji mzima kwa muziki mtamu hadi wakapotea. Inasimuliwa kwamba Hans alitundika picha ya Hitler ukutani, na kila baba aliporudi kazini aliishusha na kuifungia kwenye droo, na kila siku Hans aliitoa na kuitundika tena. Hawakupigana. Baba aliendelea kuishusha, na mwana akaendelea kuitundika.

Kwa nini kijana kutoka nyumba kama hiyo alivutwa hivyo? Dada yake Inge, aliyeandika habari zao mwaka 1952, alijibu bila kujitetea. Ilikuwa ni ule mwendo wa pamoja, safu kwa safu, ngoma ikilia, na hisia kwamba hata mtoto wa miaka 12 ana nafasi katika jambo kubwa. Watu wazima walikuwa wamewaambia vijana wangoje. Hawa waliwaambia waje.

Hans alikuwa na kipawa cha uongozi. Alikuwa mrefu, mchangamfu, mpiga gitaa, na wavulana walimpenda. Alipanda cheo haraka katika tawi la wavulana wa miaka 10 hadi 14, hata akawa mkuu wa kikosi cha wavulana zaidi ya mia moja mjini Ulm.

Bendera

Mwaka 1935 alichaguliwa kubeba bendera ya vijana wa Ulm katika mkutano mkuu wa chama huko Nuremberg. Ilikuwa heshima kubwa, na nyumbani dada zake walisherehekea. Aliporudi walishangaa kumwona amechoka na kunyamaza. Huko Nuremberg hakukuwa na mazungumzo hata kidogo. Kulikuwa na gwaride asubuhi, mchana na jioni, na vijana wenzake walizungumza maneno yaleyale kama waliokaririshwa. Alikuwa amekwenda akitarajia kukutana na wenzi wa kambini kutoka nchi nzima.

Mambo mengine yalikuwa yamekwisha kumsumbua. Hans alikusanya nyimbo, na kando ya moto aliwafundisha wavulana wake nyimbo za Urusi, za Norway na za mataifa mengine. Wakubwa wakamwambia aache, kwa kuwa Mjerumani ana nyimbo zake. Alipocheka, wakamtishia adhabu. Kisha wakamkataza kusoma kitabu cha Stefan Zweig alichokipenda, kwa sababu mwandishi alikuwa Myahudi. Mtu aweza kuona kwamba haya ni madogo mbele ya uovu uliokuja, na ni kweli. Lakini kijana wa miaka 17 huyapima mambo kwa yale yaliyo karibu naye, na wimbo ulikuwa karibu na Hans kuliko siasa.

Mwisho ulikuja kwa sababu ya bendera. Wavulana wa kikosi chake walikuwa wameshona bendera yao wenyewe, yenye picha ya mnyama wa hadithi, wakaapa kuilinda. Siku moja katika gwaride kiongozi wa ngazi ya juu alimwamuru mbeba bendera, mtoto wa miaka 12, aisalimishe, kwa kuwa bendera halali ni ile ya chama peke yake. Mtoto hakujua afanye nini; aliishikilia huku akitetemeka. Kiongozi aliporudia amri mara ya tatu, Hans alitoka mstarini na kumpiga kofi. Huo ukawa mwisho wa ukuu wake wa kikosi.

Katika tukio hilo dogo waweza kumwona Hans mzima, kama alivyokuja kuonekana miaka saba baadaye. Alimtetea mdogo, hakuvumilia amri isiyo na sababu, na hakufikiri sana juu ya yatakayompata yeye mwenyewe.

Hema jeusi

Tangu kabla ya hapo alikuwa ameingia katika kundi lingine. Mwaka 1929, tarehe 1 Novemba, Eberhard Koebel wa Stuttgart alianzisha jumuiya ya wavulana iliyojulikana kwa tarehe yake ya kuzaliwa, dj.1.11. Koebel alikuwa amesafiri miongoni mwa Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini kabisa ya Ulaya, akajifunza kwao aina ya hema jeusi lililo wazi kileleni, ambalo moto huwashwa ndani yake na moshi hutokea juu. Wavulana walikaa kuuzunguka moto huo usiku kucha, wakisoma vitabu, wakiimba na kubishana. Kila mmoja alitakiwa kuwa na daftari la safari, aandike na kuchora alichokiona kwa macho yake. Hawakutaka wanachama wengi. Jumuiya hiyo nayo ilipigwa marufuku, lakini vikundi vidogo viliendelea kwa siri, na kimoja kilikuwa Ulm.

Majira ya kiangazi ya mwaka 1936 Hans aliongoza wavulana wake hadi Lapland, maelfu ya kilometa kutoka nyumbani, ambako jua la kiangazi halizami. Walilala hemani, walijipikia, walivuka mito na kutembea siku nyingi bila kukutana na watu. Kwa waliokwenda, safari hiyo ilibaki kuwa kipimo cha uhuru maisha yao yote.

Kundi kama hilo lilimfundisha Hans mambo matatu ambayo shule haikumpa: kuwaamini watu wachache kabisa na kunyamaza juu yao; kufanya kazi usiku, kubeba mzigo na kujitosheleza kwa kidogo; na kwamba kitabu ni kitu cha kugawana, kama mkate. Lilimpa pia udhaifu mmoja. Vijana wale walipenda sana ujasiri kwa ajili ya ujasiri wenyewe. Aliyethubutu zaidi ndiye aliyeheshimiwa zaidi, na tahadhari ilionekana kama woga. Udhaifu huo ulikuja kuwagharimu.

Mwishoni mwa mwaka 1937 Gestapo, polisi wa siri, waliwasaka vijana wa vyama vilivyopigwa marufuku nchi nzima. Mwezi Novemba walifika nyumba ya Scholl na kuwachukua Inge, Werner na Sophie. Sophie aliachiliwa siku hiyohiyo. Inge na Werner walipelekwa Stuttgart kwa lori lililo wazi, katika baridi, wakafungwa kwa siku kadhaa. Mama Magdalena alisema na polisi kwa upole, akaomba ruhusa ya kwenda kwa mwokaji mikate, na kwa kikapu chake akatoa nje karatasi za watoto zilizokuwa zikitafutwa. Hans alikuwa jeshini, katika kikosi cha wapanda farasi huko Bad Cannstatt. Alikamatwa Desemba kambini mwake na kuwekwa mahabusu hadi karibu na mwisho wa mwezi. Alishtakiwa kwa kuendeleza chama haramu, na mambo ya maisha yake binafsi yalivutwa pia mbele ya mahakama. Mkuu wake wa jeshi alimtetea. Mwezi Juni 1938 kesi ilifutwa chini ya msamaha uliotolewa baada ya Austria kuunganishwa na Ujerumani.

Alitoka akiwa mtu mwingine. Alikuwa ameijua serikali hiyo kwa ndani, akiwa na umri wa miaka 19.

Munich

Mwaka 1939 alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Munich. Vita ilipoanza aliendelea na masomo akiwa chini ya jeshi, na mwaka 1940 alihudumu kama msaidizi wa tiba huko Ufaransa. Aliporudi Munich alikutana na wenzake mmoja mmoja. Alexander Schmorell alizaliwa Orenburg, Urusi, mwaka 1917, mtoto wa daktari Mjerumani na mama Mrusi, naye alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Christoph Probst alikuwa na mke na watoto. Willi Graf alikuwa Mkatoliki kutoka Saarbrücken.

Huyu Willi Graf asipitwe haraka. Alikuwa ametoka katika vyama vya vijana Wakatoliki, na hakukubali kamwe kuwa mwanachama wa Vijana wa Hitler. Tangu ujana alifuta katika daftari lake majina ya marafiki waliojiunga nao. Naye alikamatwa mwaka 1938, kwa kosa lilelile la chama haramu, akaachiliwa kwa msamaha uleule. Yeye na Hans hawakuwa wamekutana wakati huo. Walipokutana walielewana bila maelezo mengi, maana walikuwa wamelelewa kando ya moto wa namna moja.

Mwaka 1941 barua zisizo na jina zilitumbukizwa katika sanduku la posta la familia ya Scholl. Zilikuwa nakala za mahubiri ya Askofu von Galen wa Münster, Mkatoliki, aliyekemea mauaji ya wagonjwa wa akili na walemavu. Hans alifurahi kwamba hatimaye mtu mmoja amesema, na akaona pia kwamba mashine ndogo ya kurudufisha yaweza kufanya kazi kubwa. Mwaka huohuo alifahamiana na mzee Carl Muth, mhariri wa jarida la Kikatoliki lililofungwa na serikali, akapanga vitabu vya maktaba yake. Alisoma Augustino. Kabla ya Krismasi ya mwaka 1941 alimwandikia mzee huyo kwamba ameanza tena kuomba. Mlutheri huyu alirudishwa kwenye sala na rafiki Mkatoliki, na hilo halikumfanya aache ubatizo wake.

Kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai 1942, Hans na Schmorell waliandika vipeperushi vinne kwa jina la Waridi Jeupe. Kila kimoja kilichapwa takriban nakala mia moja na kutumwa kwa posta kwa walimu, waandishi na watu wengine. Cha pili kilisema wazi kwamba Wayahudi laki tatu wameuawa nchini Poland. Wajerumani wengi walikuwa na fununu juu ya jambo hilo. Wachache mno waliliandika.

Kisha wanafunzi hao walipelekwa vitani Urusi. Inge alisimulia kwamba treni iliposimama mahali fulani nchini Poland, Hans aliona wanawake na wasichana wenye nyota ya Kiyahudi wakipasua mawe relini. Aliruka chini, akampa msichana mmoja chakula chake cha akiba. Msichana alikitupa. Hans alikiokota, akachuma ua la porini, akaviweka vyote viwili miguuni pake. Treni ilipoondoka aligeuka kutazama, naye msichana alikuwa ameweka lile ua nywelini.

Huko Urusi Schmorell alizungumza lugha ya wenyeji, nao wakaketi katika vibanda vya wakulima wakiimba. Hans alikusanya kwaya ya wafungwa wa vita na wasichana wa Kirusi. Nyimbo alizokatazwa akiwa na miaka 17 sasa aliziimba pamoja na wenyewe. Walikuta maiti ya askari Mrusi imeachwa porini, wakaizika na kuweka msalaba. Wakati huo baba yake alikuwa gerezani Ulm, amehukumiwa kifungo cha miezi minne, kwa kuwa alisema mbele ya karani wake kwamba Hitler ni mjeledi wa Mungu juu ya wanadamu. Hans alipopata habari alipanda farasi akaenda kumwambia mdogo wake Werner, aliyekuwa katika kikosi cha karibu.

Sanduku la nguo na kinanda cha kanisa

Walirudi Munich Novemba 1942, na kazi ikaongezeka. Sophie, aliyekuwa akisoma baiolojia na falsafa katika chuo hichohicho, sasa alikuwa pamoja nao. Profesa Kurt Huber, mtaalamu wa falsafa na wa nyimbo za asili, aliungana nao. Kipeperushi cha tano, Januari 1943, kilichapwa nakala kati ya 6,000 na 9,000. Mashine ilizungushwa kwa mkono usiku kucha. Karatasi, bahasha na stempu zilinunuliwa kidogo kidogo katika maduka mbalimbali ili zisizue maswali. Kisha walisafiri kwa treni hadi Augsburg, Stuttgart, Salzburg, Linz na Vienna. Sanduku la vipeperushi liliwekwa katika behewa moja na mwenyewe akaketi katika behewa jingine, ili polisi wakilifungua asijulikane. Willi Graf alizunguka Saarbrücken, Bonn na Freiburg akiwatafuta marafiki wa zamani wa kambini. Wengi walisikiliza na kukataa. Wachache walikubali, miongoni mwao ndugu wawili Bollinger.

Mjini Ulm kulikuwa na Kanisa la Martin Luther, na mchungaji wake aliitwa Ernst Hirzel. Mwanawe Hans Hirzel, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akipiga kinanda hapo. Yeye na mwanafunzi mwenzake Franz Müller walijificha nyuma ya kinanda kikubwa cha kanisa wakikunja vipeperushi na kuandika anwani juu ya bahasha. Kisha Hirzel alivipeleka Stuttgart kwa treni, na dada yake Susanne akamsaidia kuvitia posta. Mwezi Aprili 1943 vijana hao wawili walihukumiwa kifungo cha miaka mitano kila mmoja.

Jeshi la Ujerumani lilisalimu amri Stalingrad mwanzoni mwa Februari 1943. Mara tatu mwezi huo Hans, Schmorell na Graf walitoka usiku na rangi na kuandika kwenye kuta za Munich neno la uhuru na maneno ya kumpinga Hitler. Asubuhi wanawake kutoka nchi zilizotekwa waliamrishwa kuyasugua. Huber aliandika kipeperushi cha sita, kilichoelekezwa kwa wanafunzi.

Alhamisi tarehe 18 Februari 1943, asubuhi, Hans na Sophie walibeba sanduku la nguo hadi chuoni. Waliweka marundo ya vipeperushi milangoni mwa kumbi za mihadhara wakati watu wote walikuwa darasani. Walikuwa wamekwisha kutoka salama. Sanduku lilikuwa na karatasi zilizobaki, wakarudi ndani, wakapanda ghorofani, na Sophie akasukuma rundo moja likamwagika ukumbini chini. Mlinzi wa jengo, Jakob Schmid, aliwaona akawazuia. Mfukoni mwa Hans mlikuwa na rasimu iliyoandikwa kwa mkono wa Christoph Probst. Alijaribu kuichana, lakini vipande vilikusanywa. Probst alikamatwa kwa karatasi hiyo.

Wengi wamejiuliza kwa nini walirudi, na kwa nini Hans alikuwa na karatasi ile mfukoni. Ni haki kuuliza, maana Probst aliacha watoto watatu, wa mwisho akiwa na majuma machache tu tangu kuzaliwa. Malezi ya kambini yaliyompa Hans nguvu ya kusimama yalimfundisha pia kutojali hatari, na siku hiyo vyote viwili vilitembea pamoja. Katika mahojiano Hans na Sophie walijaribu kujitwisha lawama yote ili kuwaokoa wenzao. Kwa Probst haikufaa kitu.

Jumatatu tarehe 22 Februari jaji Roland Freisler alikuja kutoka Berlin na kuwahukumu watatu hao kifo kwa muda wa saa chache. Robert Scholl alijipenyeza mahakamani akijaribu kuwatetea watoto wake, akatolewa nje kwa nguvu. Alasiri yeye na Magdalena waliruhusiwa kuwaona gerezani Stadelheim. Wazazi walidhani bado kuna siku za kukata rufaa.

Mchungaji Karl Alt, aliyehudumia wafungwa wa Kilutheri, aliitwa ghafla. Baadaye aliandika kwamba aliingia chumbani kwa Hans akihofia atasema nini kwa kijana mwenye nusu saa ya kuishi. Hans mwenyewe ndiye aliyeomba vifungu: Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, na Zaburi ya 90. Walivisoma pamoja, kisha akapokea Chakula cha Bwana. Sophie naye alipokea. Saa kumi na moja jioni walikatwa vichwa, Sophie kwanza. Hans alipaza sauti akiutaja uhuru, hata ikasikika gerezani. Alikuwa na umri wa miaka 24. Mchungaji Alt aliwazika tarehe 24 Februari katika makaburi ya Perlacher Forst, watu wa familia wakiwepo.

Schmorell na Huber waliuawa tarehe 13 Julai 1943, na Graf tarehe 12 Oktoba. Werner Scholl alipotelea Urusi mwaka 1944. Mwaka 2012 Kanisa la Kiorthodoksi la Kirusi nje ya Urusi lilimtangaza Schmorell kuwa mtakatifu.

Kipeperushi cha sita hakikuishia kwenye sakafu ya chuo. Helmuth von Moltke, mwanasheria Mprotestanti ambaye naye aliuawa Januari 1945, alikichukua nakala hadi Oslo mwezi Machi 1943 na kumpa Askofu wa Kilutheri Eivind Berggrav, aliyekuwa chini ya ulinzi wa serikali. Kutoka Norway kilifika Uingereza, na kiangazi hicho ndege za Kiingereza zilikidondosha juu ya miji ya Ujerumani katika nakala nyingi kuliko mashine yoyote ya Munich ingaliweza kutoa.

Robert Scholl alikuwa meya wa Ulm kuanzia mwaka 1945 hadi 1948. Inge alianzisha huko chuo cha elimu ya watu wazima mwaka 1946, ili vijana waliotoka Vijana wa Hitler wajifunze kuuliza maswali. Uwanja ulio mbele ya chuo kikuu cha Munich unaitwa kwa jina la Hans na Sophie. Kati ya mawe ya uwanja huo kumepachikwa nakala za vipeperushi zilizotengenezwa kwa vigae, kama karatasi zilizoanguka na kusahaulika hapo, na wageni wanaopita huinama kujaribu kuziokota.